Buluu Iliyojificha Ndani ya Kijani

Mwaka 1840 John Gould, mtaalamu wa ndege wa Uingereza, alirejea London kutoka Australia akiwa na shehena ya ngozi za ndege na michoro, mingi yake ikiwa imechorwa na mkewe Elizabeth. Pamoja na shehena hiyo walikuwamo kasuku wachache wadogo wa kijani waliovumilia safari ndefu ya bahari wakiwa hai. Gould alipewa ndege hao na shemeji yake, Charles Coxen, mlowezi wa New South Wales aliyewalea tangu wakiwa makinda. Sayansi ya Ulaya ilikuwa na jina la ndege huyo tangu 1805, George Shaw alipomweleza kwa kutazama ngozi kavu, na wenyeji wa asili wa Australia walimjua maelfu ya miaka kabla ya hapo. Lakini historia ya kasuku huyo, baji (budgerigar), kama ndege wa nyumbani, anayeimba sebuleni na kuzaliana kwenye kisanduku cha mbao, inaanzia kwa kasuku wale wa Gould.

Porini baji wote wana sare moja. Kifua ni kijani, uso ni njano, na kuanzia kisogoni hadi mabawani ana mistari myeusi iliyopangwa kwa ukaribu. Kooni ana madoa meusi, mashavuni alama mbili za urujuani, na mkia wake ni buluu iliyokolea. Husafiri kwa makundi makubwa kufuata mvua katika nyika za ndani ya Australia, hula mbegu za majani, na hutaga kwenye mashimo ya mikaratusi. Mara chache huzaliwa wa rangi nyingine, lakini ndege wa njano katikati ya kundi la kijani ndiye kozi anayemwona kwanza, na kizazi chake hukatika upesi.

Kijani chenyewe kina siri. Ndani ya unyoya wa baji hakuna hata chembe moja ya rangi ya kijani. Tabaka la juu lina njano. Chini yake kuna tabaka lenye vijitundu vidogo mno vinavyorudisha mwanga wa buluu, na ndani kabisa kuna melanini, ile rangi nyeusi iliyomo hata kwenye ngozi na nywele zetu, ambayo humeza mwanga uliobaki ili buluu ionekane safi. Tunachokiita kijani ni njano iliyolala juu ya buluu, kama kioo cha njano kilichowekwa juu ya kitambaa cha buluu. Ukiiondoa njano unapata ndege wa buluu. Ukipunguza melanini unabaki na njano. Vyote viwili vikiondoka, ndege ni mweupe. Maelezo haya ni mafupi, lakini wafugaji wa Ulaya walihangaika kwa muda unaokaribia karne kabla ya kuyafikia, na katika kuhangaika huko walijifunza jambo ambalo naliona kubwa kuliko rangi yoyote: kwamba ndege unayemwona na ndege anayerithisha si lazima wawe kitu kimoja.

Baji walizoea utumwa wa tundu kwa wepesi wa ajabu. Kasuku wengi hudai miaka ya utulivu kabla ya kutaga. Baji, aliyezoea kusubiri mvua na kuzaa haraka inaponyesha, hahitaji zaidi ya mbegu za kutosha, mwenzi, na tundu lenye giza la kutagia. Jike hutaga mayai manne hadi sita, huyaatamia kwa takriban siku 18, na makinda hutoka kwenye kisanduku wakiwa na wiki tano hivi. Kufikia miaka ya 1850 walikuwa wakizaliana Ulaya, hasa Ubelgiji na Ujerumani. Baadaye mji wa Toulouse, kusini mwa Ufaransa, ulijulikana kwa mashamba makubwa ya ndege hawa. Bei ikashuka, na ndege aliyekuwa fahari ya matajiri akaingia nyumba za mafundi na wafanyakazi wa viwanda.

Palipo na vizazi vingi, mabadiliko nayo hujitokeza. Katika miaka ya 1870 Ubelgiji walizaliwa baji wa njano. Baadhi yao walikuwa na macho mekundu; hao walipotea, na rangi yao haikuonekana tena kwa miongo kadhaa. Kisha, karibu na mwaka 1880, Ubelgiji hiyohiyo ikatoa ndege aliyewapiga watu butwaa: kifua cha buluu ya anga, uso mweupe, mistari myeusi ileile.

Fikiria mfugaji wa zama hizo aliyempata ndege mmoja wa buluu. Hana wa pili, kwa hiyo anampandisha na wa kijani. Makinda wanaota manyoya: wote kijani. Anajaribu msimu wa pili, matokeo ni yaleyale. Kwa akili ya wakati ule, iliyoamini kwamba damu za wazazi huchanganyika kama vimiminika viwili, buluu ilikuwa imezama na kupotea. Jambo la kawaida lilikuwa kuwauza makinda wale kwa bei ya kijani wa sokoni, na hazina yote ikaondoka nao. Kila mmoja wao alikuwa amebeba buluu. Kama wangebaki na kupandishwa wao kwa wao, au kurudishwa kwa mzazi wao, buluu ingezaliwa upya. Haishangazi kwamba rangi hii ilibaki mikononi mwa watu wachache kwa karibu miaka 30.

Linaloniumiza katika kisa hiki ni kwamba jibu lilikwisha kuchapishwa. Gregor Mendel, mtawa wa Brno, alitoa matokeo ya majaribio yake ya njegere mwaka 1866. Alionyesha kwamba sifa hazichanganyiki. Hurithiwa vipandevipande, kimoja kutoka kwa kila mzazi, na kipande kinaweza kukaa kimya kizazi kizima kisha kikasema katika kizazi kinachofuata. Mendel alifariki mwaka 1884, wakati baji wa buluu walikuwa hai Ubelgiji, na karibu hakuna aliyekuwa amemsikiliza. Kazi yake ilifufuliwa mwaka 1900.

Mwaka 1910 baji wa buluu walionyeshwa London na umma ukawaona kwa mara ya kwanza. Miaka mitano baadaye, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, Toulouse ikatoa kijani kilichokolea, na kutokana nacho rangi ya zeituni. Sababu yake ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Haikuondoa njano wala melanini, bali iligusa lile tabaka la vijitundu na kuitia rangi giza. Ndege mwenye dozi moja ya giza hilo ni kijani kilichoiva. Mwenye dozi mbili ni zeituni. Baada ya vita wafugaji waliipitisha upande wa buluu, na kwa dozi moja wakapata buluu nzito iitwayo kobalti, kwa dozi mbili buluu ya kijivujivu iitwayo movu. Weupe nao wakatokea. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 tundu moja la maonyesho liliweza kuwa na rangi nane au tisa, na watu wakaanza kuzitamani kupita kiasi.

Tamaa hiyo ilifika kilele chake Japani. Baji wa rangi adimu aligeuka kuwa zawadi ya watu wa tabaka la juu, na bei zikapaa hadi jozi moja ya buluu ikauzwa kwa zaidi ya pauni 100, fedha ambazo mfanyakazi wa Uingereza hakuzipata kwa miezi mingi ya jasho. Meli zilibeba ndege kutoka Ulaya kwenda Japani. Wafugaji wa Uingereza na Ufaransa waliuza hata majike waliowahitaji kwa mbegu. Mwishoni mwa muongo huo soko likaporomoka na waliokuwa wamejaza mabanda kwa mikopo wakabaki na ndege wasio na mnunuzi. Wakenya waliokumbwa na homa ya kware mwaka 2013 na 2014 hawahitaji kusimuliwa zaidi.

Homa ile ya baji ilizaa swali zito zaidi ya bei. Tuseme mtu anakuuzia baji wa kijani na kukuapia kwamba amebeba buluu, kwa hiyo anastahili bei mara kadhaa ya kijani wa kawaida. Utamjuaje? Ukimshika mkononi na kumgeuza kwenye mwanga wa jua, unyoya kwa unyoya, hutaona tofauti. Kijani safi na kijani aliyebeba buluu wanafanana. Mnunuzi alikuwa ananunua neno la muuzaji. Hapo ndipo daftari lilipopata thamani kuliko tundu. Mwaka 1925 wafugaji wa Uingereza walianzisha Budgerigar Club, iliyobadilishwa jina kuwa Budgerigar Society mwaka 1930, na pete ya mguuni ikawa kitambulisho cha ukweli. Ni pete nzima isiyo na kiungo, huvishwa kinda akiwa na siku chache tu, wakati vidole bado vinaweza kukusanywa na kupitishwa. Mguu ukishakua haivuliki. Juu yake huandikwa mwaka na alama ya mfugaji. Ndege mwenye pete na ukurasa wake daftarini alikuwa na wazazi wanaojulikana. Asiye nayo alikuwa rangi tu.

Aliyezipa daftari hizo maana alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Bremen, Ujerumani, Hans Duncker. Alikuwa na shahada ya zoolojia na alikwisha kujulikana kwa juhudi zake, pamoja na mfugaji Karl Reich, za kutengeneza chiriku mwekundu kwa kuvusha jeni ya ndege wa Venezuela. Tajiri mmoja wa mji huo, Konseli Carl Cremer, alikuwa na mabanda makubwa ya baji na alikubali kuyageuza maabara. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 Duncker alipandisha rangi kwa rangi, akahesabu makinda, akapandisha tena. Hakuwa na darubini ya kumwonyesha jeni. Alikuwa na hesabu.

Hesabu hizo ni rahisi, na uzuri wake uko katika urahisi huo. Buluu ni sifa fiche: ndege huionyesha pale tu anapoipokea kutoka kwa baba na mama. Pandisha buluu na kijani safi, makinda wote watakuwa kijani na wote watakuwa wabebaji. Pandisha wabebaji wawili: kwa wastani, katika kila makinda wanne, mmoja ni buluu, wawili ni kijani wabebaji, mmoja ni kijani safi. Pandisha mbebaji na buluu: nusu buluu, nusu wabebaji, na hakuna wa kutiliwa shaka. Jozi hii ya mwisho ndiyo wafugaji wengi waliipenda, kwa sababu kila kinda wa kijani anayetoka humo anajulikana bila kuulizwa. Kwenye jozi ya wabebaji wawili, kijani wawili kati ya watatu wamebeba na mmoja hakubeba, na huwezi kuwatenganisha kwa macho. Duncker alitayarisha majedwali ya kila upandishaji uliowezekana, yakatafsiriwa, yakaanza kubandikwa ukutani katika mabanda ya watu ambao hawakuwahi kusoma biolojia darasani. Kwangu mimi hilo ni moja ya mambo ya kuheshimika katika historia ya sayansi: fundi wa mgodini anafungua kisanduku cha kutagia, anahesabu makinda wake, na anaona sheria ya Mendel ikitimia mbele yake.

Siwezi kulipita jina la Duncker bila kusema sehemu iliyobaki. Mtu huyuhuyu aliyethibitisha jinsi sifa zinavyojificha na kuibuka alikuwa mtetezi wa sera za Wanazi za usafi wa damu, akidai kwamba binadamu nao wachaguliwe na kutengwa kama ndege wa bandani. Majedwali yake yalikuwa sahihi. Alichowatakia watu kilikuwa uovu. Wafugaji wengi waliotumia kazi yake hawakujua upande huo, na anayeitumia leo anapaswa kuujua.

Hata hivyo majedwali yake hayakumaliza mambo. Kulikuwa na kijani kilichokolea ambacho kilikataa kutii. Wafugaji wawili waliweza kupandisha kijani kilichokolea na buluu ya anga, ndege waliofanana kwa kila hali, na kupata makinda tofauti kabisa. Mmoja alipata karibu wote kijani kilichokolea na buluu ya anga. Mwingine alipata karibu wote kobalti na kijani hafifu. Kila mmoja alimwona mwenzake kuwa mwongo. Kazi ya Steiner wa Zürich, Uswisi, iliyotoka mwaka 1932, ilisaidia kulifungua fumbo hili. Jeni ya buluu na jeni ya giza hukaa kwenye kromosomu moja, kwa hiyo husafiri pamoja. Kama ndege alipokea giza kutoka kwa mzazi wa zeituni na buluu kutoka kwa mzazi mwingine, vitu hivyo viko kwenye kromosomu mbili tofauti, na kila kinda hupata kimoja au kingine. Kama alivipokea vyote viwili kutoka kwa mzazi mmoja wa movu, vimefungwa pamoja na hurithiwa pamoja. Mara chache, karibu mara 14 katika 100, kromosomu hubadilishana vipande na kifungo hukatika. Ndiyo maana nimesema "karibu wote". Wafugaji wakawaita ndege hao aina ya kwanza na aina ya pili, na majina hayo yanatumika hadi leo.

Miaka ya 1930 ilileta wimbi. Mwaka 1931, Uingereza, akazaliwa baji ambaye mistari yake ilikuwa kahawia badala ya nyeusi na mwili wake umepoa rangi, akaitwa mdalasini. Ujerumani ikatoa albino na lutino, macho mekundu yakarudi. Mwaka 1932 baji wenye mabaka yasiyo na mpangilio walionyeshwa Copenhagen, na Wadenmark wakapewa sifa yao. Mwaka 1933 huko Australia Kusini, karibu na Adelaide, akanaswa porini jike ambaye kichwa chake hakikuwa na mistari mingi na rangi ya mwili ilikuwa imepanda mgongoni hadi mabawani. Hiyo ndiyo opalini. Australia pia ilitoa kijivu, rangi yenye jeni tawala ambayo ukiiweka juu ya buluu inageuka majivu, na ukiiweka juu ya kijani inakuwa kijani kilichochafuka ambacho wanaoanza hukiita zeituni.

Tuanzie hapo, maana kutambua aina za baji ni kazi ya macho yenye kanuni zake. Anayeitazama rangi ya kifua peke yake atakosea. Kati ya zeituni na kijani-kijivu, kifua hakikusaidii. Tazama shavu na mkia. Zeituni ana shavu la urujuani na mkia wa buluu iliyokolea. Kijani-kijivu ana shavu la kijivu na mkia mweusi. Ukimkosea mmoja kwa mwingine, hesabu yako yote ya jozi imekwenda kombo, kwa sababu zeituni ana dozi mbili za giza na atampa kila kinda dozi moja, ilhali huyu mwingine huenda hana giza hata kidogo.

Mdalasini, opalini na lutino walileta somo jingine. Jeni zao zimo kwenye kromosomu ya jinsia. Kwa ndege mambo ni kinyume na kwetu: dume ndiye mwenye kromosomu mbili zinazofanana, jike ana moja tu ya aina hiyo. Kwa hiyo jike hawezi kuificha mdalasini. Anayo na inaonekana, au hana. Muuzaji akikuambia jike wake wa kijani "amebeba mdalasini", ama hajui anachosema ama anakujua wewe hujui. Na kuna faida nzuri: mpandishe dume wa mdalasini na jike wa kawaida, mabinti wote watakuwa mdalasini na wana wote watakuwa wa kawaida waliobeba. Ukifungua kisanduku kinda akiwa bado uchi, ngozi waridi na macho hayajafunguka, unaweza kuona kupitia kope kama jicho ni jeusi au la rangi ya zambarau mbivu. Lenye zambarau ni la jike. Hakuna haja ya kusubiri miezi hadi ile nyama iliyo juu ya mdomo igeuke buluu kwa dume au kahawia kwa jike.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa ndege watatu wa njano. Wapange kwenye ubao mmoja, wote njano tupu bila mstari, na mtu yeyote atasema ni ndugu. Mtazame wa kwanza machoni: mekundu, yenye mduara mweupe. Huyo ni lutino, na melanini yake imezimwa. Chini ya njano yake anaweza kuwa zeituni, opalini au chochote, na hutajua hadi azae. Wa pili ana macho meusi yenye mduara mweupe wa kawaida. Asili yake ni aina iitwayo spangeli, iliyotokea Traralgon, Victoria, katika miaka ya 1970. Spangeli mwenye dozi moja ana mabawa ambayo kila unyoya umechorwa pembeni kwa ukingo mwembamba mweusi, katikati kukiwa wazi. Mwenye dozi mbili karibu hana alama. Ukimpandisha huyu na ndege wa kawaida, kila kinda atakuwa spangeli. Wa tatu ana macho meusi yasiyo na mduara wowote, hata akizeeka, na kama ni dume ile nyama ya juu ya mdomo hubaki waridi. Huyo hakutokana na jeni moja. Alitengenezwa kwa kuunganisha mabaka ya Denmark na aina nyingine ya mabaka kutoka Ulaya bara, na ukimpandisha na baji wa kawaida, njano yake tupu itasambaratika katika kizazi cha kwanza. Rangi moja, historia tatu, na hatima tatu tofauti za makinda.

Kuchagua jozi, basi, hakukuwa kamwe kazi ya kuunganisha warembo wawili. Wafugaji wazuri wa Uingereza wa katikati ya karne iliyopita walikuwa na desturi kali. Jike hakupandishwa kabla hajafikisha karibu mwaka mmoja. Rangi mpya na dhaifu ilirudishwa kila mara kwa kijani wenye nguvu, kwa sababu wengi waliona buluu na lutino wakipungua mwili vizazi vikipandishwa wao kwa wao. Ndugu hawakupandishwa bila sababu iliyoandikwa. Kitabu cha Taylor na Warner cha mwaka 1961 kiliyaweka yote haya ya urithi katika mpangilio ambao wafugaji wa lugha ya Kiingereza waliutegemea kwa miongo.

Lakini jambo hilohilo la kuchagua lilikwenda mbali mno. Baji wa maonyesho wa leo ni mkubwa mno akilinganishwa na wa porini, ana kichwa kipana na manyoya ya paji marefu kiasi cha kufunika macho. Majaji walitaka kichwa, wafugaji wakatoa kichwa. Rangi ilikuwa mchezo wa kusoma kilichofichika. Hili la umbo limekuwa la kumlazimisha ndege abebe anachopenda jaji, na nadhani limemdhulumu. Ndege asiyeona vizuri chakula chake hana sababu ya kusifiwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hadithi hii ina tawi la nyumbani. Kwenye nyika za katikati ya Tanzania huishi kasuku mdogo mwenye kichwa cheusi, ukosi wa njano na mdomo mwekundu. Mwaka 1927, wakati Ulaya ikihangaika na baji wa buluu, kasuku wa aina hiyo alinaswa porini Tanganyika akiwa buluu: njano yote imetoweka, ukosi umekuwa mweupe. Mfanyabiashara wa ndege aliyeitwa Chapman alimfikisha London, akawekwa katika bustani ya wanyama ya mji huo. Wafugaji walikwisha kujifunza kutoka kwa baji. Hawakuwatupa makinda wake wa kijani, na buluu ya Tanganyika ikasambaa duniani kote.

Kilichobaki kilikuwa kuiona jeni yenyewe. Oktoba 2017 kundi la watafiti wakiongozwa na Thomas Cooke wa Chuo Kikuu cha Stanford lilichapisha katika jarida la Cell kwamba njano ya baji hutengenezwa na kimeng'enya kimoja. Kwa ndege wa buluu, herufi moja ya DNA imebadilika, kiungo kimoja tu cha protini kimekuwa kingine, na kimeng'enya hakifanyi kazi. Watafiti waliitia jeni nzima ya baji ndani ya hamira, na hamira ikaanza kutengeneza njano. Kosa la herufi moja ndilo lililozaliwa Ubelgiji karibu na 1880, likauzwa kama kijani cha bei rahisi, likavuka bahari hadi Japani na kuhesabiwa Bremen.

Kutokana na ugunduzi huo, buluu iliyofichwa inaweza kusomwa kwenye unyoya mmoja badala ya kusubiri msimu wa makinda. Kwa kijani kilichokolea, hata hivyo, kipimo kinakwambia tu kwamba ndege amebeba buluu. Hakikwambii kama buluu hiyo iko upande mmoja na giza au upande wa pili, yaani kama atazaa kobalti wengi au wachache. Kwa hilo mfugaji bado anatazama namba ya pete, anafungua daftari, na kutafuta kama mzazi aliyemletea giza alikuwa zeituni au movu.